Chukua Tupa, Usitupe

Nataka kugombana na sentensi moja. Ukiishi Garissa na uwe na ala yoyote ya nyuzi, umeisikia: "Hiyo peleka Nairobi." Besi ikianza kukukata vidole, peleka Nairobi. Freti zikichomoza pembeni kama meno ya msumeno, peleka Nairobi. Husemwa kwa upole, kama ushauri wa ndugu kwa ndugu, na labda ndiyo maana hakuna anayeipinga. Mimi naipinga. Ni sentensi ya uvivu, inatupotezea wanamuziki, na ina historia mbaya kuliko wanaoisema wanavyojua.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Besi ya umeme ina shingo ndefu ya mbao, na juu ya shingo hiyo kuna vyuma vyembamba vilivyopandwa kwa mkingamo. Hizo ndizo freti. Besi nyingi zina 20 au zaidi. Kila freti ina ncha mbili, moja kila upande wa shingo, kwa hivyo besi ya freti 20 ina ncha 40. Ikiwa sawa, unapitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka juu hadi chini na huhisi kitu. Ikishakaa Garissa miezi kadhaa, hasa kwenye chumba cha mabati, unapitisha kiganja na unahisi zote 40, moja baada ya nyingine.

Mpiga besi anatembeza mkono kwenye shingo hiyo wimbo mzima, wimbo baada ya wimbo. Kidole gumba kinachunika. Upande wa kidole cha shahada unapata mikwaruzo kama ya paka. Baada ya wiki mbili mtu anaanza kucheza kwa woga. Anakaa pahali pamoja, anaogopa kuteleza kutoka noti ya chini kwenda ya juu. Mwezi wa tatu, besi iko juu ya kabati imefunikwa shuka, na mwenyewe ukimuuliza anakwambia ati muziki haukuwa wake. Muziki ulikuwa wake sana. Kilichomshinda ni chuma.

Sasa chuma hicho kimetoka wapi? Hakijatoka popote. Kiko pale pale kilipokuwa. Mbao ndiyo imerudi nyuma.

Mti ukishakatwa na kuchongwa bado hunywa maji ya hewani na kuyatoa. Hewa ikiwa na unyevu, mbao huvimba. Hewa ikikauka, mbao husinyaa, na husinyaa kwa upana. Urefu haubadiliki sana. Chuma hakina habari na mambo hayo. Freti nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na unyevu haubadilishi urefu wake. Piga hesabu mwenyewe. Shingo yenye upana wa milimita 50 ikisinyaa kwa asilimia moja tu, imepoteza nusu milimita. Gawanya pande mbili: robo milimita kila upande. Kwa macho huoni kitu. Kwa ngozi ya kidole, hiyo ni wembe.

Watengenezaji wengi wa gitaa hushauri ala ikae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Sasa niambie kuhusu chumba cha mabati pale Bula Iftin, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Hewa ya asubuhi, hata kama ilikuwa na unyevu wake, inapashwa joto na bati bila kuongezewa tone la maji. Hewa ya moto ina kiu. Inanyonya kutoka kwa chochote kilicho karibu: midomo yako, nguo uliyoanika, shingo ya besi yako.

Kwa hivyo ukiona freti zimechomoza, kumbuka jambo moja: besi yako haijafa. Imefika Garissa, basi.

Lakini watu wetu wakishaona ncha hizo, huanza kugawa ushauri, na nimeusikia wa aina nne.

Wa kwanza ni wa majasiri. "Vumilia, vidole vitazoea." Huu umebebwa kutoka pahali pa haki ukatuliwa pahali pa makosa. Ni kweli kwamba nyuzi za besi ni nene na zinauma mwanzoni, na ni kweli kwamba ncha za vidole hujenga sugu ndani ya wiki chache. Lakini sugu hukua pale uzi unapokandamiza kidole. Freti iliyochomoza haikandamizi. Inakata, na inakata ubavu wa kidole na gumba, pahali laini ambapo hakuna sugu. Kumwambia mtu azoee hilo ni kama kumwambia azoee msumari kwenye kiatu. Ngoa msumari, bwana.

Wa pili ni wa wenye pesa, au wanaojifanya wanazo. "Hiyo ni besi ya bei rahisi. Tupa, nunua nyingine." Sawa, besi ya bei rahisi mara nyingi hutengenezwa kwa mbao ambazo hazikukaushwa kwa subira, na hiyo huzidisha shida. Lakini besi ya bei ghali nayo ni mbao. Nayo itakaa chini ya bati lile lile, katika Februari ile ile. Utakachobadilisha ni kiasi cha pesa ulichotumia kabla ya kukatwa vidole.

Wa tatu ni wa simu. Unatafuta kwenye intaneti, unampata mzungu mmoja mstaarabu sana akikueleza uweke kifaa cha kutoa unyevu ndani ya kasha la gitaa, kisha usubiri. Kwake ni ushauri mzuri. Nchi zao zina majira ya baridi. Wanawasha hita, nyumba inakauka miezi michache, halafu msimu unageuka na mbao inarudi. Kwa hivyo anaogopa kukata chuma ambacho kesho hakitakuwa kimechomoza. Wewe hita yako ni jua na haina swichi. Na kasha lako ni mfuko wa kitambaa uliochanika zipu. Ndiyo, weka besi mbali na ukuta wa mabati. Ndiyo, usiiache kwenye buti ya gari wala juu ya spika inayopigwa na jua. Hiyo itasaidia. Lakini ushauri ulioandikwa kwa mtu mwenye theluji dirishani haukuandikwa kwako, na huna haja ya kuutii kama aya.

Wa nne ndio ule niliotaja mwanzo, na ndio mkubwa wao: peleka Nairobi.

Sina ugomvi na mafundi wa Nairobi. Wako wazuri, na kazi yao wanaijua. Ugomvi wangu ni na safari. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Unavuka daraja la Tana, unaonyesha kitambulisho kwenye vizuizi, unapita Mwingi, unapita Thika, besi iko chini kwenye buti ya basi imelaliwa na magunia. Unaiacha huko wiki mbili. Unalipa nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili kama huna wa kukuchukulia. Yote hayo kwa robo milimita.

Hata tukisahau pesa, safari yenyewe haina mantiki. Garissa iko chini, karibu mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na ukipeleka besi mwezi wa Julai unaikuta na baridi na mawingu tele. Mbao inapata hewa nyingine. Inakunywa. Inavimba. Siku fundi anapoishika, robo milimita yako imerudi ndani, yote au nusu, na anapitisha mkono akijiuliza huyu wa Garissa analalamika nini. Anasugua kile anachokihisi, anakurudishia. Unafika nyumbani, mabati yanafanya kazi yake, na mwezi mmoja baadaye ncha ziko nje tena. Sasa unasema fundi alikudanganya. Hakukudanganya. Ulimpelekea mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulibaki Garissa.

Hapa ndipo nataka tuongee kama watu wazima. Kwa nini sentensi hii inatutoka kirahisi hivi? Huku kwetu mtu akipanda basi la Nairobi, wazee bado husema anaenda Kenya. Wanaotoka kwingine hucheka wakisikia, lakini haikuwa mzaha. Serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa kwa sheria ya 1926. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Uhuru ukaja, na mwezi huo huo wa Desemba 1963 kaskazini ikawekwa chini ya hali ya hatari iliyodumu karibu miaka 30. Katikati hapo, mwaka wa 1965, serikali ikatoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliosema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza pahali penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, kwa sababu huko ndiko zitazaa haraka. Sisi wa jua tungoje. Faida ya wengine ingetufikia baadaye.

Tumeulaani waraka huo miaka mingi, na ni haki yetu. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti, na bado tunaulaani. Lakini sikiliza vizuri sentensi ya "peleka Nairobi." Ni waraka ule ule, safari hii ukitoka mdomoni mwetu wenyewe: ujuzi uwekwe kule unakozaa, sisi tungoje basi la kurudi. Kwa hospitali kubwa au chuo kikuu naweza kuelewa, hivyo ni vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kujijengea uani kwake. Kwa tupa na karatasi ya msasa? Hakuna serikali iliyotunyima tupa.

Na usiniambie eti ufundi wa mbao na hali ya hewa ni mambo ya kigeni hapa. Bibi zetu walijenga aqal kwa mizizi na matawi waliyoyakunja wenyewe, wakaibomoa, wakaipakia juu ya ngamia, wakaisimamisha tena mbele, na kijiti kilichovunjika njiani kilibadilishwa hapo hapo. Hakuna aliyesema ngoja tufike mjini. Mama anayejua chombo cha maziwa kifukizwe kwa mti gani ili maziwa yakae, anajua kuhusu vifaa na jua la hapa kuliko kitabu chochote kilichokuja na besi yako.

Kuna pia wanaosema besi yenyewe si kitu chetu, kwa hivyo tusijisumbue. Suala la muziki na dini nawaachia wazee na mashekhe, wana mahali pake pa kulijadili. Hapa naongea na wewe ambaye besi tayari unayo. Kama ni suala la historia, jibu ninalo. Mogadishu ya miaka ya 70 na 80 ilikuwa na bendi kama Iftin na Dur-Dur, na ukizisikiliza, besi ndiyo inayotembea mbele huku wengine wakiifuata. Mwaka wa 1988 Hargeisa ilipopigwa mabomu, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili zisiangamie. Mwaka wa 2017 nyimbo za zama hizo zikatoka tena kwenye mkusanyiko unaoitwa Sweet as Broken Dates, ukateuliwa kuwania Grammy. Na hapa Garissa kwenyewe kuna Gargar, kundi la akina mama ambalo jina lake ni msaada kwa Kisomali, lililorekodi na Ketebul Music ya Nairobi. Unaona mtindo? Sauti ni ya hapa, mashine ya kuinasa iko kule. Nawapongeza Ketebul kwa kuinasa. Lakini sitaki mjukuu wa akina mama hao akubali kwamba hata bisibisi lazima iwe kule.

Na aliyeitengeneza besi ya umeme unayoijua, unajua alikuwa nani? Leo Fender wa California alikuwa fundi wa redio. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Alikuwa na duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, na mwaka wa 1951 akatoa besi aliyoiita Precision, yaani ya uhakika, kwa sababu freti zilimwezesha mchezaji kupata noti sahihi bila kubahatisha kama kwenye besi kubwa ya kusimama. Ukienda Soko Mugdi leo utakuta vijana wanaofungua simu na kuzirudisha zikiwa hai, wamekaa kwenye kiti cha plastiki. Fender alikuwa mmoja wao. Kitu kilichovumbuliwa na fundi wa redio hakiwezi kuwa kigumu kwa fundi wa simu.

Sasa twende kazini. Wale wa ushauri wa pili walisema tupa. Mimi pia nasema tupa. Wao wanamaanisha jalalani. Mimi namaanisha kile chuma cha meno ambacho baba yako alinolea panga.

Chagua msimu kwanza, na hapa ndipo mtu wa Garissa anamshinda mtu wa kila pahali. Ngoja jilaal, kiangazi kirefu cha Januari hadi Machi, wakati mbao imesinyaa mpaka mwisho. Ukisugua wakati huo, ncha zinakuwa sawa na mbao ikiwa katika hali yake nyembamba kabisa. Mvua za gu zikija, mbao itavimba kidogo na ncha zitazama ndani, hakuna atakayezihisi. Ukisugua wakati wa mvua, jilaal ijayo utazikuta nje. Mfugaji anayejua lini ahamie malisho mengine ana kalenda yote unayoihitaji.

Vifaa: tupa bapa yenye meno madogo, tupa ndogo ya pembe tatu, msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, na tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi. Uliza kwenye hadwea. Vyote kwa pamoja haviwezi kukufikisha Nairobi hata kwa basi la usiku.

Legeza nyuzi zote, kisha uzitoe. Usizikate zikiwa zimekaza. Nyuzi nne za besi huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa pamoja, na uzi unaoruka haujali jicho ni la nani. Funika pikapu kwa tepu. Sisemi ile gari ya kubeba mbuzi. Nasema vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku, na unga wa chuma ukiingia humo hautoki.

Kabla ya kusugua chochote, bonyeza kila freti kwa kidole, pembeni na katikati. Kama inacheza au imeinuka, igonge kidogo kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati, mpaka ikae. Ikikataa kukaa, hiyo ni kazi nyingine inayohitaji gundi na mkono uliozoea. Usiilazimishe.

Sasa laza tupa bapa ubavuni mwa shingo, ikigusa ncha kadhaa kwa mpigo, uisukume kwa urefu wa shingo. Polepole. Usitumie nguvu, uzito wa tupa unatosha. Sikiliza. Tupa ikikata chuma inalia. Ikianza kugusa mbao sauti inakufa. Sauti ikifa, acha. Hapo umefika, na kila sukumo la ziada unakula mbao na rangi ya besi yako.

Ukimaliza pande zote mbili, kila ncha itakuwa imelingana na mbao lakini itabaki na vikona viwili vidogo vikali. Chukua tupa ya pembe tatu. Kabla ya kuitumia, isugue kona yake moja kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe laini isikate, ili upande huo uteleze juu ya mbao bila kuichana. Bandika tepu kwenye mbao kati ya freti na freti. Kisha zungusha vikona hivyo, mikwaruzo mitatu au minne kila kimoja. Ncha ni 40, na kwa dakika mbili kila ncha, hiyo ni saa moja na dakika ishirini. Weka muziki. Nyuma yake pitisha msasa, 400 kwanza, halafu 600, halafu 1000, mpaka chuma kiwe laini kama kijiko.

Jaribio ni hili: chukua pamba, ipitishe pembeni mwa shingo nzima. Ikinasa popote, hapo bado. Isiponasa, umemaliza.

Futa unga wote kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandua tepu ya pikapu. Kama ubao wa shingo ni wa mti mweusi au wa hudhurungi usio na vanishi, upake mafuta mepesi, matone machache, yale ya maji yanayopakwa watoto wachanga yanafaa. Acha dakika kumi, futa. Usipake mafuta ya kupikia, yataoza humo ndani na besi itanuka kama kibanda cha chipsi. Kama shingo ni nyeupe na inang'aa, hiyo ina vanishi na haihitaji mafuta.

Najua jibu linalokuja: "Mtu asiyejua ataharibu." Ni hoja ya kweli, siidharau. Anaweza kuharibu. Akisugua sana upande mmoja, uzi wa pembeni utakuwa unateleza nje ya freti. Akisugua juu ya freti badala ya ncha yake, ataleta mlio wa kutetemeka utakaomsumbua mwaka mzima. Kwa hivyo nasema: ncha tu, juu usiguse, na sauti ikifa uache. Lakini angalia hoja hiyo inatupeleka wapi tukiifuata hadi mwisho. Asiyejua asiguse, na asiyegusa hatajua. Kila fundi wa Nairobi unayempelekea besi alianza kwenye besi ya mtu fulani akiwa hajui. Ameshinda kwetu kitu kimoja: kuna mtu aliyemruhusu kushika tupa.

Kwa hivyo ombi langu kwenu, walaalo, si kubwa. Mji mmoja, tupa moja, na mtu mmoja anayejulikana kuwa anayo. Garissa awe mmoja. Wajir mmoja, Mandera mmoja. Dadaab, ambako kambi zimekuwepo tangu 1991 na watu wamezaliwa humo mpaka wakazaa, wawe hata watatu. Anayejua afundishe wawili, asilipishe somo la kwanza, na besi ya kujifunzia iwe ile mbovu iliyolala stoo ya shule au nyuma ya ukumbi, ambayo kila mtu ameshaikatia tamaa. Baada ya jilaal mbili au tatu, swali la freti litakuwa dogo kama swali la pancha ya pikipiki: unauliza nani yuko karibu, unakwenda, unangoja ukinywa chai ya maziwa ya ngamia, unaondoka.

Na siku ukisikia mtu anamwambia mdogo wake "hiyo peleka Nairobi," usimgombeze. Muulize ni milimita ngapi zimechomoza. Hatajua. Mpe pamba aipitishe mwenyewe.